Kuni za Mibuni ya Izimbya

Nilifika Muleba baada ya siku mbili za basi, na sehemu kubwa ya siku hizo tulikuwa tumesimama kando ya basi tukimtazama fundi. Tulitoka Manyoni alfajiri, gurudumu likapasuka kabla ya Nzega, Kahama tukalala kwenye viti, na Biharamulo askari wenye bunduki wakapanda kutusindikiza kupita msituni. Mzee aliyekaa jirani yangu aliniuliza nakwenda Kagera kufanya nini. Nikamwambia natafuta kazi.

"Kazi gani unayoijua?"

Nikafikiri. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne chenye alama ambazo sikupenda kumwonyesha mtu. Nilikuwa nimechoma mkaa Itigi, nimeuza mitumba Singida, na kila mahali nilianza kuchoka kabla watu hawajalizoea jina langu. Nikamjibu, "Najua moto."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kule tunakokwenda," akasema, "moto haukujui wewe."

Nawaandikia nyinyi vijana mnaowasha jiko kwa kugeuza kitufe. Sitawaambia mrudi kwenye kuni. Nimemeza moshi wa kutosha, na nimemzika mtu ambaye kifua chake kilijaa moshi huohuo. Lakini kazi ile niliifanya miaka mingi kuliko kazi nyingine yoyote, na aliyenifundisha hakuacha mtoto wa kuisimulia. Kwa hiyo nitaisimulia mimi.

Kwetu Manyoni kuni hukauka zikiwa bado mtini. Unavunja tawi, unalisukuma kwenye mafiga, linashika kabla hujainama kupuliza. Muleba mvua hunyesha asubuhi, ikapumzika, ikarudi tena kama mtu aliyesahau mwavuli. Halafu ukungu unapanda kutoka ziwani na kuingia mpaka ndani ya kiberiti. Mimi nilidhani kuni ni kuni.

Nilipata kazi kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, kwenye kilima nje kidogo ya mji. Jikoni kulikuwa na jiko la chuma la kuni, refu kama kitanda, lenye tanuri la mikate ubavuni na bomba la moshi lililotoboa paa. Tulikuwa tukiliita Bi Mkubwa, kwa sababu lilikuwa jeusi, zito, na halikupenda kuharakishwa. Mpishi alikuwa Mama Adela, mama mnene wa Kihaya mwenye mdomo mwepesi. Mchanja kuni alikuwa Mzee Yoasi, mwembamba kama mpini wa shoka lake. Mimi niliajiriwa kumsaidia, maana alikuwa ameanza kukohoa.

Asubuhi ya kwanza Mzee Yoasi alichelewa kwa sababu ya mvua. Nikajaza kuni tumboni mwa Bi Mkubwa, nikawasha kiberiti. Moshi mtupu. Nikapuliza hadi nikaona nyota. Halafu nikaona chupa ya mafuta ya taa nyuma ya mlango, nikamimina. Moto ukalipuka, kope zangu zikaungua, na mimi nikajipongeza.

Siku hiyo kulikuwa na semina ya wachungaji. Wakaletewa mkate. Mmoja wao akatafuna, akaacha kutafuna, akamtazama mpishi. "Mama Adela, leo umetuokea taa?"

Mama Adela alirudi jikoni akiwa ameshika mkate kama ushahidi. "Mnyamahanga!" Ndivyo Wahaya wanavyomwita mtu aliyetoka mbali, na jina hilo nililibeba mpaka siku naondoka. "Wachungaji wanacheua mafuta ya taa. Mmoja wao akipiga mwayo karibu na mshumaa, nitamwambia nini askofu?"

Mzee Yoasi akaingia akiwa amelowa, akafungua mlango wa jiko, akanusa. "Nani amekufundisha kuwasha moto?"

"Nilijifunza mwenyewe."

"Inaonekana," akasema. "Mwalimu alikuwa hajui."

Akaanza upya, na mimi nikatazama. Sasa tazameni na nyinyi.

Kuni iliyonyeshewa haijalowa yote. Mvua hulowesha ganda, haifiki moyoni. Kwa hiyo unaivua ganda kwa panga, halafu unaichanja mpaka uuone moyo wake, na kutoka kwenye moyo huo unatoa vibanzi. Vibanzi vya kwanza viwe vyembamba kama njiti za kiberiti, vya pili kama vidole, vya tatu unene wa kifundo cha mkono. Ukiruka hatua moja umeunyima moto ngazi. Majani makavu ya migomba yatumie kidogo tu. Yanawaka kwa kelele na kuacha jiko baridi kama lilivyokuwa. Maganda ya kahawa yaache kabisa, hayo yanajua kufuka tu. Na asubuhi ya ukungu, kabla ya yote, choma majani machache palepale chini ya bomba, ili bomba lipate joto na kuanza kuvuta. Mzee Yoasi aliita kulisafishia Bi Mkubwa koo. Usipofanya hivyo moshi wote unarudi jikoni, na Mama Adela anaanza kuimba nyimbo za mazishi kwa sauti ya juu.

Mkaratusi uchanje ukiwa mbichi. Ukikauka unajisokota na kulishika shoka kama mkopaji asiyetaka kurudisha. Gogo kubwa usilipige katikati. Anza pembeni, fuata ufa ambao jua limekwisha kukuchorea, na ukikutana na fundo lizunguke. Nilivunja mipini miwili nikibishana na mafundo. Mara ya pili Mzee Yoasi alinikabidhi mpini mpya bila kunitazama. "Fundo lilikuwa tawi," akasema. "Tawi lilitaka kwenda kwake. Liache."

Jioni tulikuwa tukiulaza moto. Makaa unayakusanya nyuma, unayafunika majivu, unafunga kibati cha bombani kibaki na upenyo mdogo. Asubuhi unafukua, unakuta jicho jekundu. Mzee Yoasi hakupenda mtu awashe moto halafu aende zake. "Usiwashe moto usioweza kuulaza," alikuwa akisema, na mimi nilidhani anazungumzia jiko peke yake.

Kila asubuhi, Bi Mkubwa akishashika, alikuwa akitoka kusimama mlangoni na kutazama kaskazini. "Inanyesha Izimbya," anasema. Au, "Leo Izimbya hainyeshi."

"Waitu, tata," Mama Adela anamjibu kwa heshima ya Kihaya, "wingu lile liko Kamachumu tu. Izimbya utaionaje kutoka hapa?"

"Naiona."

Juu ya Bi Mkubwa, kwenye kichanja kilichoning'inia darini, palikuwa na mzigo mdogo wa kuni uliofungwa kwa kamba ya mgomba. Zilikuwa kuni fupi, ngumu, zimekuwa nyeusi kwa moshi. Wiki moja ya Aprili mvua haikukatika, banda la kuni likavuja, hatukuwa na kibanzi kikavu hata cha kuchokolea meno. Nikapanda kwenye kiti niuteremshe ule mzigo.

"Shuka!" Sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. Alinishika mguu. "Hizo si za wachungaji. Shuka."

Nikashuka. Mama Adela akajifanya anakoroga uji. Mzee Yoasi akaketi kwenye gogo la kuchanjia, akakohoa, halafu akanieleza.

Izimbya, huko Bukoba Vijijini, ndiko kwenye kibanja cha baba yake, migomba na mibuni kama vibanja vyote vya Uhaya. Akiwa kijana, bei ya kahawa ilianguka. Akasikia kwamba nguzo za mikaratusi zina soko. Siku moja baba yake alikwenda Buhembe kwenye harusi, naye akachukua shoka akaangusha mstari mzima wa mibuni ili apande mikaratusi. Mibuni ile ilipandwa na babu yake. Nyinyi mnaosoma hili mkiwa mbali labda mtaona ni miti tu. Kwa Mhaya mbuni unaoukuta kibanjani ni mkono wa aliyekutangulia. Baba yake aliporudi hakupiga kelele. Alikwenda kuketi juu ya visiki, kimoja baada ya kingine, kama anayesalimia wagonjwa. Jioni akasema mbele ya ukoo, "Shoka la Yoasi na kahawa yangu havitalala kibanja kimoja."

Yoasi akaondoka na shoka lake na mzigo mmoja wa kuni za mibuni ile. Baba alipokufa hakuitwa. Kibanja kikabaki kwa mdogo wake, Elia.

"Mungu ni fundi," akaniambia. "Nilitaka mikaratusi, amenipa mikaratusi ya kuchanja mpaka nife."

"Na ukifa?" Mama Adela aliuliza bila kugeuka. Kule swali hilo si utovu wa adabu. Mhaya huzikwa kibanjani kwao, kati ya migomba, pamoja na watu wake. Asiyekuwa na kibanja huzikwa makaburi ya mjini na watu wasiomjua, na jambo hilo watu hulisimulia kwa sauti ya chini.

"Ndiyo hayo," akasema Mzee Yoasi. Akatazama juu kwenye kichanja. "Ndiyo hayo tu, mwanangu. Mengine yote nimeyazoea."

Tangu siku hiyo nilijua kwamba mtu yule hakuwa akiogopa kufa hata kidogo. Alikuwa akiogopa kaburi la ugenini. Nilimshauri aende kwao, akaomba msamaha. Akasema hawezi kwenda bila kuitwa. Mimi niliyetoka kwetu bila kufukuzwa na mtu sikumwelewa.

Miaka ikapita. Banda la kuni likapata bati jipya. Ikaja misumeno ya mafuta, magogo yakawa yanafika yamekatwa tayari, na mimi nikawa nachanja peke yangu, yeye ameketi akinirekebisha. "Kushoto. Kushoto kwako, si kwangu." Kikohozi kikashuka kifuani kikakaa. Daktari akamwambia asikae jikoni. Yeye akasogeza gogo lake hatua moja nje ya mlango, akasema ametii.

Msimu mmoja wa senene, wale panzi wa kuliwa, watu wote wakiwa wanakimbia na ndoo, aliniita. Mzigo wa kichanjani alikuwa ameuteremsha mwenyewe, sijui kwa nguvu gani.

"Mpelekee Elia. Mwambie ni za kuwashia."

"Na nini kingine?"

"Ni za kuwashia."

Nilikwenda. Elia nilimkuta uani akigeuza kahawa iliyoanikwa, mwanamume mfupi mwenye sura ileile ya kaka yake, ila iliyokula vizuri zaidi. Nikamwamkia, nikamwambia nimetumwa na Mzee Yoasi wa Muleba. Mkono wake ukasimama juu ya kahawa. Nikampa mzigo. Akaupokea, akauleta puani, akaunusa kwa muda mrefu.

"Amesemaje?"

"Amesema ni za kuwashia."

"Basi?"

"Basi."

Akaingia nao ndani, hakutoka tena. Mkewe akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyopewa mgeni yeyote. Nikatafuna, nikangoja, nikaaga ukuta.

Mzee Yoasi alikuwa akinisubiri mlangoni. "Alizipokea kwa mkono mmoja au miwili?"

"Miwili."

Akashusha pumzi. "Aliziweka wapi?"

"Sikuona. Aliingia nazo."

"Kama amezipikia ndizi," akasema taratibu, "basi tumekwisha kuagana."

Hakuna aliyekuja kutoka Izimbya. Krismasi ikapita. Kila gari lililopanda kilima lilimnyanyua kwenye gogo, halafu anaona ni mgeni wa semina, anaketi tena. Mtungi wa kwanza wa gesi uliletwa wakati huo, mkubwa, rangi ya samawati. Mama Adela akauogopa wiki nzima, akawa anauwasha akiwa amegeuza uso. Mzee Yoasi akautazama tu. "Hauna majivu," akasema. "Sasa utaulaza kwa kutumia nini?"

Alifariki mwezi wa Machi, kukiwa kunapambazuka. Mimi ndiye niliyemkuta. Nilikuwa nimekwenda kumwambia kwamba Izimbya inanyesha, kwa sababu siku hizo hakuweza tena kufika mlangoni.

Uongozi wa nyumba ukasema azikwe makaburi ya mjini, ni karibu na ni rahisi. Mama Adela akavua aproni. "Rahisi kwa nani?" Akapiga simu Izimbya. Aliyepokea ni mke wa Elia, akasema atamwambia mumewe. Hatukungoja jibu. Tukapakia jeneza kwenye gari dogo la kanisa, tukaenda.

Mvua ilitufuata njia nzima. Tulipofika, wazee wa ukoo walikuwa wamekwisha kusikia. Walisimama penye mlango wa kibanja, mmoja ameshika mwavuli, akatuambia gari lisiingie. Neno la marehemu baba yao lilijulikana. Mwenye kibanja hajasema kitu, na bila yeye hakuna wa kulitengua. Elia alikuwa ameketi chini ya ukingo wa paa, mikono katikati ya magoti, akitazama visiki vya zamani ambavyo sasa pembeni yake ilikuwa imeota migomba. Jeneza likabaki barabarani, turubai juu yake, maji yakichuruzika.

Wanawake walikuwa wamekusanyika, maana msiba ni msiba hata ukiwa umesimama barabarani. Wazee walikuwa wakitetemeka. Mtu akajaribu kuwasha moto chini ya kibanda cha majani ya migomba, ukafuka, ukazima. Akaja mwingine, naye vilevile. Mama Adela akanisukuma mgongoni. "Mnyamahanga, kazi yako hiyo."

Nikavua koti. Nikachukua kuni zao, nikazivua maganda, nikazichanja mpaka moyoni. Moyo nao ulikuwa na maji. Mara ya kwanza maishani mwangu niliona mvua iliyofika moyoni. Nikaomba majani makavu, hayakuwapo. Kiberiti changu kikabaki na njiti chache. Nikasimama, nikasema kwa sauti, bila kumlenga mtu, "Sina cha kuwashia."

Nawaapia sikuwa nimepanga kusema hivyo.

Elia aliinua kichwa. Akanyanyuka, akaingia jikoni kwake. Alipotoka alikuwa amebeba ule mzigo kwa mikono miwili, kamba ileile ya mgomba, fundo lilelile la kaka yake, haujafunguliwa. Ulikuwa na masizi mapya juu ya masizi ya zamani. Alikuwa ameuweka kichanjani juu ya mafiga muda wote ule.

"Ni za kuwashia," akaniambia. Halafu akawageukia wazee. "Aliyezituma amezifuata. Ingizeni gari."

Hakuna aliyebisha. Mzee mwenye mwavuli ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jeneza.

Mimi nilipiga magoti nikafungua kamba. Nikazichanja chache ziwe njiti, chache vidole, nyingine nikaziacha. Kuni ya mbuni haina haraka. Inashika kimyakimya, bila moshi mwingi, na makaa yake hukaa mpaka kesho. Moto ule uliwapa joto watu wote, hata wale waliotaka Mzee Yoasi arudishwe. Walimzika alasiri, mwisho wa mstari wa visiki.

Baadaye Elia alikuja kuketi karibu nami motoni. Akauchokoa moto kwa kijiti. "Nilikuwa nangoja aje mwenyewe."

Ningemwambiaje kwamba mwenzake alikuwa akingoja aitwe?

"Alikuwa akisemaje juu yetu?"

"Alikuwa akiuliza kila siku kama mvua imenyesha Izimbya."

Akafunika uso kwa viganja. Niliuona mgongo wake ukitikisika, nikaondoka nikamwacha na moto.

Niliulaza mimi moto ule kabla ya kupanda gari, majivu juu ya makaa, nikamwonyesha mke wa Elia pa kufukua.

Tuliporudi Muleba tulikuta kijana wa ofisini amepika chai kwa gesi. Niliweka kiganja juu ya Bi Mkubwa. Miaka yote ile sikuwahi kumgusa akiwa baridi. Chuma kilikuwa na unyevu, kama shingo ya ng'ombe aliyekufa.

"Mwashe basi," Mama Adela alisema. "Mara moja tu. Uondoke akiwa na joto." Alikuwa amekwisha kujua kwamba naondoka, ingawa mimi sikuwa nimemwambia mtu.

"Nani atamlaza?"

Akatazama mtungi, akatazama mikono yake.

Nikalisimika shoka kwenye gogo, nikachukua begi langu, nikateremka kilima hadi stendi. Basi la Dodoma, linalopita kwetu Manyoni, lilijaa taratibu. Nilikaa dirishani, na lilipoanza kupanda barabara ya kwenda Biharamulo nikageuka nikatazama kaskazini. Wingu lilikuwa kubwa, limeshuka hadi chini, limevuka Kamachumu.

Ilikuwa inanyesha Izimbya.